Bwana X Hakuwa na Kipimo

Tarehe 11 Desemba 1945, jijini Stockholm, Alexander Fleming alitoa mhadhara wake wa Tuzo ya Nobel. Huyu ndiye aliyegundua penisilini mwaka 1928, kuvu ilipoingia kwenye sahani yake ya maabara na kuwamaliza bakteria waliokuwa wakimea humo. Ungetarajia mtu kama huyo asherehekee. Lakini karibu na mwisho wa mhadhara akatoa kisa cha kubuni cha mtu aliyemwita Bwana X. Bwana X anaumwa na koo. Anajinunulia penisilini na kujitibu kwa kiasi kidogo, ambacho hakitoshi kuwaua bakteria lakini kinatosha kuwafunza kuihimili. Kisha anamwambukiza mkewe. Mke anashikwa na nimonia, anatibiwa kwa penisilini, dawa inagoma, anakufa. Fleming akauliza ni nani aliyesababisha kifo hicho, akajibu mwenyewe: Bwana X, kwa uzembe wake.

Miaka imepita lakini Bwana X bado tunaye. Yuko kwenye mabango ya zahanati: usinunue antibiotiki bila kuandikiwa, maliza dozi, usigawane dawa na jirani. Yuko kwenye hotuba za kila Novemba, kati ya tarehe 18 na 24, wakati dunia inaadhimisha wiki ya kuhamasisha watu kuhusu usugu wa dawa. Na tatizo lenyewe si la kutungwa. Utafiti uliochapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2022 ulikadiria kwamba mwaka 2019 pekee watu milioni 1.27 walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu, na kwamba vifo milioni 4.95 vilihusiana na bakteria hao kwa njia moja au nyingine. Kwa hivyo sisemi mabango yanadanganya. Yanasema kweli.

Ninachouliza ni swali la maadili, ambalo halihitaji digrii, na hilo linanifaa kwa sababu yangu niliiacha katikati. Swali ni hili: je, ni haki kumlaumu mtu kwa kukisia, kama hakuna aliyempa njia ya kujua?

Hebu tumhamishe Bwana X. Tumtoe Uingereza ya Fleming, tumvushe na feri ya Likoni, tumpandishe matatu hadi Ukunda. Tumpe kibarua kwenye hoteli moja ya Diani, chumba cha kupanga, na mshahara unaoisha tarehe kumi. Siku mbili sasa ana joto na tumbo linamkata. Anapita dukani kwa dawa, kwa kemisti kama tunavyoita, saa moja usiku akitoka kazini.

"Salama, daktari?"

"Salama, kaka. Waonaje?"

"Tumbo lanisumbua tangu juzi. Na joto."

"Pole sana. Nikupe dozi nzima ama?"

"Nipe za mia kwanza. Nikipata kesho ntarudi."

Umesikia hilo neno "daktari". Aliye nyuma ya kaunta huenda ni mfamasia kamili, huenda ni kijana aliyeachiwa duka ashike zamu. Kwa mteja yote sawa, kwa sababu ndiye mtu pekee wa afya aliye wazi saa hiyo, karibu na nyumbani, asiyedai hela ya kumuona. Na wote wawili hawajui. Hawajui kama ni bakteria, virusi ama malaria. Kama ni bakteria, hawajui ni dawa gani bado inawaweza. Vidonge vinavyobadilishana mkono pale ni pata potea, ule mchezo wa karata wa barabarani, isipokuwa hapa anayepoteza hapotezi hela tu.

Msomaji mkali atasema: si aende hospitali basi? Sheria ya Kenya inataka antibiotiki ziuzwe kwa cheti cha daktari. Sawa, tumpeleke. Akose siku ya kazi, alipe nauli, akae foleni. Amfikie daktari mzuri, anayesikiliza, anayemshika tumbo na kumuuliza maswali yote yanayofaa. Mwishowe daktari huyo naye, mara nyingi, atakisia.

Sababu iko maabara. Njia ya kawaida ya kujua dawa ipi itafanya kazi inaitwa kuotesha, wengine husema kalcha. Unachukua mkojo, damu ama kinyesi, unapakaza kwenye sahani yenye chakula cha bakteria, unaweka kwenye kabati lenye joto kama la mwili, unasubiri hadi kesho. Kesho, kama wamemea, unawatambua, unawapakaza upya, halafu unapanga juu yao vikaratasi vidogo vya mviringo, kila kimoja kimelowa dawa tofauti. Unasubiri tena. Kesho kutwa unasoma jibu kwa macho. Ukiona duara tupu kuzunguka kikaratasi, dawa hiyo imewashinda. Wakiwa wamemea mpaka ukingoni mwa kikaratasi, wameishinda wao. Ni kazi safi na ya kuaminika, ila inachukua siku mbili, tatu, na kwa damu pengine zaidi.

Hiyo ni kama maabara ya kuotesha ipo. Utafiti uitwao MAAP, uliotolewa mwaka 2022, uliangalia nchi 14 za Afrika, Kenya ikiwemo. Kati ya maabara za tiba karibu 50,000, zilizokuwa zikifanya vipimo vya bakteria zilikuwa asilimia 1.3 tu. Yaani ukikusanya maabara mia moja, moja inaweza kumjibu Bwana X, na hizo nyingine 99 zitampima mambo mengine na kumrudisha kwa daktari anayekisia.

Sasa tuvuke upande wa pili wa Mombasa, Kilifi, ambako KEMRI na Wellcome Trust wana kituo cha utafiti tangu 1989, na ambako maabara ya kuotesha ipo kweli na ni nzuri. Kati ya 1998 na 2002 walipima damu ya watoto waliolazwa katika hospitali ya wilaya, na mwaka 2005 wakachapisha matokeo kwenye New England Journal of Medicine. Kati ya watoto waliokutwa na bakteria kwenye damu, 308 walifia hospitalini. Katika hao, 103 walikufa siku ileile waliyolazwa. Ndani ya siku mbili walikuwa wamekufa 217.

Soma tena hiyo namba ya mwisho ukikumbuka vikaratasi vya maabara. Watoto saba katika kila kumi waliokufa walikwenda kabla sahani haijamaliza kusema. Majibu yalikuwa yakija. Yalikuwa yakimea kwa kasi yao kwenye kabati lenye joto, na mtoto alikuwa akienda kwa kasi yake. Hakuna wa kulaumiwa hapo, si mama, si daktari, si mtu wa maabara. Kulikuwa na mwendo wa saa mbili tofauti, na ya mtoto ilikuwa mbele.

Ndiyo maana madaktari duniani kote huanza matibabu kwa kukisia, na wanafanya vyema. Ukisubiri, mgonjwa hayupo. Lakini ona tunavyogawa majina. Daktari akikisia tunaita uamuzi wa kitaalamu. Bwana X akikisia tunaita matumizi mabaya ya dawa.

Mtu atanijibu kwamba makisio hayo mawili hayalingani, na ana haki. Daktari anakisia akiwa na masomo, na miongozo, na taarifa za bakteria gani wanazunguka eneo hilo. Bwana X anakisia kwa kukumbuka rangi ya kidonge kilichomsaidia shemeji yake mwaka jana. Nakubali kabisa. Lakini ukiiangalia vizuri, hoja hiyo imenipa nilichotaka. Tofauti kati ya wawili hawa haiko kwenye moyo, kwa sababu wote wanataka mgonjwa apone. Iko kwenye kile walichopewa wakijue. Na kama kosa la mtu ni kwamba hakupewa ujuzi, basi kuna mtu mwingine ambaye hakuutoa, na bango halimtaji huyo.

Mtoto yeyote aliyekaa chuoni, namaanisha chuo cha madrasa, hapa Kwale anajua kwamba mtu hahukumiwi kwa lililo nje ya uwezo wake. Wanafalsafa wa Ulaya walifika hapohapo kwa njia yao: wajibu hufuata uwezo. Mimi naongeza kipande kimoja tu. Kujua ni sehemu ya uwezo. Mtu aliyenyimwa njia ya kujua amepunguziwa wajibu, na sehemu iliyopunguzwa haipotei hewani. Inahamia kwa aliyeweza kumpa njia hiyo.

Na sasa njia hiyo ipo, ndiyo maana naandika leo. Mwaka 2014 Waingereza walitangaza shindano liitwalo Longitude Prize, la kutafuta kipimo cha haraka kitakachomwambia daktari, mgonjwa akiwa bado kwenye benchi, kama anahitaji antibiotiki na ipi. Miaka kumi baadaye, Juni 2024, pauni milioni 8 zikaenda kwa mashine iitwayo PA-100, ya kampuni ya Sysmex Astrego, iliyotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi. Ni ya maambukizi ya njia ya mkojo, yaani UTI. Unaweka tone dogo la mkojo kwenye kikasha. Ndani yake bakteria wananaswa kwenye vijia vyembamba kuliko unywele, dawa tofauti zinapitishwa, na darubini inawatazama mmoja mmoja kama wanaendelea kukua ama wamesimama. Dakika 15 inakwambia kama kuna bakteria. Kufikia dakika 45 inakwambia dawa ipi inawaweza. Kutoka Stockholm ya Fleming hadi Uppsala ni kilomita 70 hivi. Imechukua miaka 79 kwa Bwana X kupata jibu.

Lazima niseme jambo kuhusu kasi, kwa sababu sisi Kenya vipimo vya haraka tumevizoea, na vingine vimetupotosha. Nani hajaambiwa ana taifodi? Kipimo cha Widal kinatoa jibu upesi na kinapatikana kila mtaa. Lakini chenyewe hakimtafuti bakteria. Kinatafuta alama ambazo mwili huacha ukipigana, na alama hizo zinaweza kuwa za vita vya zamani, au vya adui mwingine kabisa. Wala hakisemi neno lolote kuhusu usugu. Basi watu wanapokea karatasi iliyoandikwa taifodi, wananunua vidonge vikali, na wanajiona wamepimwa. Hapo umekisia ukiwa na risiti. Kasi ninayoitetea ni ile inayobeba ukweli, na hiyo ndiyo ngumu kutengeneza na ngumu kufikisha.

Kufikisha ndiko kwenye shida. Chukua wanawake wawili walioamka Diani asubuhi moja. Wa kwanza ni mgeni kutoka Uswidi, yuko likizo ya wiki moja. Wa pili ni dada wa londri anayefua mashuka anayolalia huyo mgeni. Wote wameamka mkojo unachoma na kiuno kinauma. Mgeni ana bima. Anaweza kuitiwa daktari hotelini, na akirudi kwao anarudi kwenye nchi ambako kipimo cha dakika 45 kilizaliwa, na ambako hata kisipokuwepo kliniki yake, maabara ya kuotesha haiko mbali. Dada wa londri atamaliza zamu kwanza. Jioni atapita kwa kemisti.

Tunajua kitu kuhusu watu kama yeye. Mradi wa utafiti ulioitwa HATUA ulifuatilia wagonjwa wenye dalili za UTI Kenya, Tanzania na Uganda. Walipootesha mikojo, takriban 35 katika kila 100 ndio waliothibitishwa kuwa na maambukizi ya bakteria. Na bakteria waliopatikana, wengi walikuwa sugu kwa makundi kadhaa ya dawa kwa mpigo. Kwa hivyo dada wa londri anasimama mbele ya kaunta na uwezekano mkubwa wa mambo mawili: ama hahitaji antibiotiki kabisa, ama anaihitaji na atakayouziwa haitamsaidia. Dalili peke yake haiwezi kumwambia yuko upande gani. Hata mimi na wewe hatungejua.

Wanawake wawili, ugonjwa mmoja, pengine ukoo mmoja wa bakteria. Bango la zahanati litamkemea yupi?

Sasa nikubali hoja nzito dhidi yangu. Bakteria hawajali nani hana hatia. Kidonge kisichofaa kikinywewa na mtu asiye na lawama kinawafunza bakteria vilevile kama kikinywewa na mzembe. Ukimwambia Bwana X hana kosa, si umempa ruhusa?

Kusini mwa ufuo wa Diani kuna Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo, mmoja wa misitu ya kaya za Mijikenda iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008. Mgeni akiingia hufungwa kaniki nyeusi, na sharti linaeleweka: usitoke na kitu, hata jani. Nguvu ya antibiotiki ni kitu cha namna hiyo. Si yangu wala yako. Kila mmoja akichuma kidogo bila sababu, msitu unaisha, na jani lililochumwa kwa kutojua limechumwa tu. Hapo wenye mabango wako sahihi.

Lakini angalia jinsi kaya inavyolindwa. Mzee anatembea nawe. Anakuonyesha mti, anakwambia huu ni wa nini na kwa nini usiguswe. Macho yako yako wazi, njia inaonekana, na anayekupa sharti analibeba na yeye. Sisi kwenye dawa tumefanya kinyume. Tumemfunga Bwana X kitambaa usoni, tumemwingiza msituni usiku, tukasimama nje tukimpigia kelele asikanyage miche. Usilolijua ni kama usiku wa giza, walisema wahenga. Kumpiga faini mtu aliyejikwaa gizani, huku taa umeishika wewe, si ulinzi wa msitu.

Kwa hivyo natenganisha maneno mawili ambayo huwa tunayachanganya. Lawama inatazama nyuma na kuuliza nani alikosea. Jukumu linatazama mbele na kuuliza nani anaweza kurekebisha. Bwana X anaweza kuwa hana lawama, na bado sote tukawa na jukumu kuhakikisha hakisii tena. Kumwondolea lawama hakumpi ruhusa. Kunatunyima sisi wengine kisingizio.

Je, kipimo kikifika Msambweni na Lunga Lunga, kazi imeisha? Hapana, na ushahidi tunao. Baada ya vipimo vya haraka vya malaria kusambazwa, watafiti walikusanya rekodi za wagonjwa zaidi ya nusu milioni kutoka nchi sita, zikiwemo Tanzania na Uganda, na kuchapisha kwenye jarida la BMJ mwaka 2017. Kati ya waliopimwa wakakutwa na malaria, 40 katika 100 walipewa antibiotiki. Kati ya waliokutwa hawana malaria, walipewa 69 katika 100. Kipimo kilizuia dawa moja na kufungulia nyingine mlango.

Wengine wanasoma hizo namba na kusema, mnaona, watu wetu hawashikiki. Mimi nasoma kitu tofauti. Mama amembeba mtoto mwenye homa kilomita kadhaa. Anaambiwa: hana malaria. Sasa ana nini? Kimya. Hakuna mhudumu mwenye roho anayeweza kumrudisha mama huyo nyumbani na kimya, kwa hivyo anampa kitu. Kipimo kinachosema "hapana" tu kinamwacha mgonjwa palepale alipokuwa, na homa ileile, isipokuwa sasa hana hata jina la ugonjwa. Anayechukua mamlaka ya kumwambia mtu "dawa hii si yako" amechukua pia mzigo wa kubaki naye: kumwambia arudi lini, dalili gani ni hatari, nani wa kumpigia simu usiku. Mzigo huo unahitaji watu, na watu wanahitaji mshahara.

Kuna hofu nyingine, na hii ndiyo iliyonikosesha usingizi. Tuseme kipimo kipo na kinasema kweli, na ukweli wenyewe ni kwamba bakteria wa dada wa londri wanawezwa na dawa moja tu, ambayo haiko kwenye stoo ama bei yake ni mshahara wa mwezi. Je, tumemsaidia? Kuna wanaosema afadhali asijue, ujuzi bila dawa ni mateso.

Sikubaliani nao, na nimejaribu. Mtu akifa kwa homa isiyo na jina, tunasema siku zake zimefika. Tunazika, tunasoma dua, tunarudi kazini. Maneno hayo yana heshima yake na siyadharau. Lakini yanafunika pia. Kifo ambacho hakikupimwa hakina mdai. Karatasi inayosema bakteria huyu, dawa hii, haikupatikana, inageuza bahati mbaya kuwa deni, na deni lina mdaiwa. Anaweza kuwa kaunti, wizara, kampuni, ama wafadhili waliofunga mkono, lakini ana anwani. Dada wa londri ana haki ya kujua hata pale ambapo kujua hakumponyi, kwa sababu bila hiyo karatasi hawezi hata kuuliza.

Na ukiambiwa haya yote ni ndoto, wataje kifua kikuu. Zamani kujua kama TB ni sugu kulichukua wiki nyingi za kuotesha, kwa sababu bakteria wa TB humea polepole mno. Desemba 2010 Shirika la Afya Duniani likaidhinisha mashine ya GeneXpert, inayotambua TB na usugu wake kwa rifampisini ndani ya saa mbili. Mwaka 2012 wafadhili walikaa mezani na kampuni, bei ya kikasha kimoja kwa nchi maskini ikashuka kutoka dola 16.86 hadi 9.98. Mwaka 2023, baada ya wanaharakati kupiga kelele miaka mingi, ikashuka tena hadi dola 7.97. Leo Kenya GeneXpert ni jina la kawaida kwa watu wa TB. Bei hiyo haikushushwa na upepo wa kusi. Kuna watu waliamua kwamba anayekohoa hapa naye anastahili jibu la leo.

Uamuzi kama huo unaweza kufanywa kwa bakteria wengine pia. Kenya iliandika mpango wake wa kitaifa wa kupambana na usugu wa dawa mwaka 2017. Septemba 2024 viongozi wa dunia kwenye Umoja wa Mataifa waliahidi kupunguza vifo vinavyohusiana na usugu kwa asilimia 10 kufikia 2030. Ahadi ziko. Kinachokosekana ni sisi kuziuliza kwa jina la Bwana X, badala ya kuzitumia kumkemea.

Namalizia kwako, kwa sababu kama unasoma hii kwa simu yako, kuna uwezekano mkubwa wewe si Bwana X. Una data. Pengine una bima ya kazini ama ya mzazi. Unaishi Mombasa au Nairobi, ambako maabara ya kuotesha haiko mbali. Nimesema wajibu unapungua pale njia ya kujua inapopungua. Hesabu hiyo inaenda pande zote mbili. Ukiwa na njia ya kujua, wajibu wako unaongezeka, na yale yote niliyomwondolea mtu wa Ukunda yanabaki mezani kwako. Wewe unayejua jina la dawa kabla hujaumwa, unayemtumia rafiki picha ya pakiti akuletee, unaweza kumuuliza daktari swali moja: tunaweza kuotesha kwanza? Pengine atasema hapana, hali yako haingoji, na atakueleza kwa nini. Vizuri. Umeuliza.

Dada wa londri bado yuko kwenye zamu. Yeye hana wa kumuuliza.